Bado Vifungo Tu

Kama hujawahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani, shukuru Mungu na uendelee na maisha yako. Sisi wengine mchezo tunaujua. Unafika, anakupima, anakuambia njoo Jumamosi. Jumamosi unakuta kibanda kimefungwa. Jumatatu unaambiwa umeme ulikatika, ingawa cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu. Alhamisi anakuambia bado vifungo tu. Na siku ukichoka, ukasema nipe kitambaa changu niondoke nacho, anachomoa mkasi na kukikata vipande mbele ya macho yako, kisha anakutazama kwa upole. Utaenda nacho wapi sasa? Unarudi nyumbani mikono mitupu, na Jumamosi unakuja tena.

Katika mtaa huu ninaousimulia, bingwa wa mchezo huo alikuwa mwanamume mmoja wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, tepu ya kupimia shingoni kutwa nzima, ambaye watu wote walimwita Vifungo. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Kushona alijua, hilo hata waliomchukia walikiri. Gauni likitoka kwake lilikaa mwilini bila kuvuta wala kulegea, na mishono ya ndani ilikuwa safi kuliko ya nje ya mafundi wengine. Tatizo lilikuwa kwenye hilo neno "likitoka".

Njia ya kupata nguo kutoka kwa Vifungo ilikuwa moja tu, nayo ni kumkalia. Ndani ya kibanda kulikuwa na benchi la mbao, na mteja mwenye akili zake alikuja asubuhi na shughuli zake, gazeti au maharage ya kuchambua, akaketi pale na kumtolea macho hadi nguo iishe. Akitazamwa alishona vizuri na upesi. Ukitoka hata kwenda kujisaidia, ulirudi ukakuta anapiga soga mlangoni. Mkewe mwenyewe alikuwa amempa kitambaa miaka minne iliyopita, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kukaa kwenye benchi, kitambaa kilikuwa bado juu ya kabati, kimekunjwa vilevile kilivyotoka dukani.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, ndiye aliyeamua kufanya mtihani.

Ilikuwa hivi. Chuo cha ufundi kilichoko upande wa pili wa mji kilitafuta mwalimu wa ushonaji. Mkuu wa chuo alikuwa na suti ya Vifungo, aliyoipata kwa kumkalia siku mbili mfululizo, na suti hiyo aliivaa kila alipotaka kuonekana mtu. Akamwambia kazi ni yako, lete tu cheti cha sekondari chenye hesabu. Cheti Vifungo alikuwa nacho. Hesabu ndiyo haikuwemo. Mwaka wa kwanza alijiandikisha kurudia somo hilo kama mtahiniwa binafsi, siku yenyewe haikumwona, akasema alikuwa na mafua. Mwaka wa pili alifika mpaka getini, akageuza, akasema amefiwa na shangazi. Wiki ileile shangazi alionekana sokoni akibishana na muuza vitunguu, mzima wa afya.

Mwaka wa tatu mkuu wa chuo hakutaka utani. Alimwambia kwamba safari hii ndiyo ya mwisho, kwamba kuna kijana mwenye cheti kamili na mishono ya ovyo anayesubiri nafasi hiyohiyo, na kwamba yeye mkuu hatasubiri tena. Vifungo alirudi kibandani akiwaza njia nzima. Kazi ile aliitaka. Magoti yalimuuma kwa miaka ishirini ya kukanyaga pedali, hilo alimwambia kila mtu. Asilomwambia mtu ni kwamba alitamani kusimama mbele ya watu ameshika chaki ya ubaoni badala ya chaki ya kitambaa, na watu hao wamwite Mwalimu. Alilitamani jambo hilo mpaka aliona aibu.

Miezi mitatu ilikuwa imebaki. Karatasi mbili za hesabu, siku mbili tofauti. Haya, tumwone sasa alivyojiandaa.

Kwanza aliyashonea madaftari majalada. Si majalada ya karatasi, la hasha, ya kitambaa kizito chenye bitana, na mfuko wa kalamu pembeni. Yalimchukua wiki nzima na yalipendeza. Kisha akaona vitabu vizuri hivyo haviwezi kubebwa kwenye mfuko wa plastiki, akashona mkoba. Kisha akashona mto wa kukalia, maana mtu hawezi kusoma makalio yanamuuma. Wiki ya nne alifungua kitabu, akakisoma jinsi anavyotazama katalogi ya mishono, anafunua ukurasa, anatikisa kichwa, anasema huu naujua, anafunua mwingine. Sura ya kwanza, ya namba nzima, aliisoma mara kumi na moja. Mtu akimuuliza, alisema anaendelea vizuri.

Hapo ndipo alipoingia Mwalimu.

Huyu alikuwa mama wa miaka sitini na moja, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko mwili wake ulivyohitaji, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu. Gauni lake lilikuwa kwa Vifungo mwezi wa nane sasa. Alilipeleka mapema kabisa kwa ajili ya sherehe ya kumuaga. Sherehe ikaja, gauni halikuja, akaagwa akiwa na gauni la zamani lenye doa la wino tumboni, na kwenye picha zote amekumbatia mkoba. Sasa alikuwa na muda wote duniani, na alikuwa amekuja kukaa.

Aliketi kwenye benchi, akatoa fumbo la maneno la gazeti, akaanza. Baada ya dakika chache macho yake yakatua kwenye kitabu chenye jalada la bitana. Akauliza ni cha nani, Vifungo akamweleza habari ya mtihani, naye akauliza amefika wapi. Vifungo akajibu bila kuinua kichwa kwamba amemaliza karibu yote, imebaki kupiga pasi tu.

Mwalimu akashusha miwani. Miezi minane ilitosha kumfundisha lugha ya mtu huyu. "Bado kupiga pasi" maana yake kitambaa hakijakatwa. "Bado vifungo tu" maana yake hakumbuki kitambaa kiko wapi. Akamwambia aache cherehani kidogo, ampe eneo la duara lenye nusu kipenyo cha sentimita saba. Vifungo akachukua chaki, akaandika juu ya meza ya kukatia, akanong'ona, akafuta, akaandika tena. Ikatoka mia moja hamsini na sita.

Jibu ni mia moja hamsini na nne. Mwalimu alilipitia mara mbili, kila hatua ilikuwa sahihi hadi mstari wa mwisho, ambapo zile mbili ziliongezeka zenyewe. Akamuuliza zimetoka wapi.

"Nimeacha nafasi ya mshono," akasema Vifungo.

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi. Alipoivaa tena aliona mwenzake hacheki. Alikuwa ameukodolea macho ule mstari wa mwisho, shingo imelegea, mkono umeishika tepu kwa nguvu. Mwalimu alikuwa ameona sura ya namna hiyo kwa miaka thelathini na minne, ila kwa watoto wa miaka kumi na saba. Akauliza mtihani ni lini. Akaambiwa bado wiki nane. Akakunja gazeti.

Alichofanya baada ya hapo kilisimuliwa mtaani mwezi mzima. Alisimama, akafungua droo ya cherehani, akakusanya bobini zote, vile vigurudumu vya kuzungushia uzi wa chini, tisa kwa hesabu yake, akazitia kwenye mkoba na kuufunga. Halafu akatangaza sheria. Yeye yuko hapa kila asubuhi mpaka gauni lake liishe, na kwa kuwa macho yake yapo bure, yatafanya kazi mbili. Vifungo atapewa bobini moja yenye uzi. Ikiisha, cherehani inasimama, anajibu maswali matatu, ndipo apate nyingine. Bila maswali hakuna bobini, na fundi asiye na bobini si fundi.

Kusoma alimkataza kabisa. Alimwambia kitabu amekitazama vya kutosha, sasa akifunge atoe vitu kichwani. Akamletea mitihani ya miaka iliyopita, bunda zima. Swali akilikosa halikufutwa kwa kupigwa mstari, lilifumuliwa hatua kwa hatua hadi waone mshono ulipopinda, kisha likarudi kesho yake bila kuangalia, na likarudi tena baada ya siku nne, wakati Vifungo anadhani limemsahau. Kila alipoacha ya mshono kwenye jibu, Mwalimu aligonga benchi kwa kalamu.

Wiki mbili za kwanza Vifungo aliona cha mtema kuni. Wiki ya tatu mambo yakaanza kushika. Siku moja Mwalimu alimuuliza anakataje sketi ya mwamvuli, naye akajibu kwa madaha kwamba anachukua kiuno, anagawa kwa sita na kidogo, anapata urefu wa kamba ya kuzungushia chaki. Mwalimu akamuuliza hiyo kidogo ni ngapi. Vifungo akatazama meza, akafungua sura ya tisa ya kitabu, ile ya duara, akasema jamani. Miaka ishirini alikuwa anafanya hesabu za duara kila wiki na hakuna aliyemwambia. Siku hiyo alijibu maswali saba kwa bobini moja, na jioni alirudi kwake akipiga mluzi.

Basi ungedhani mambo yamekwisha. Subiri kwanza.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Mwalimu alimpa karatasi nzima ya zamani, na saa mezani, bila msaada. Alipata kumi na tisa kwa mia. Mwalimu akamwambia ni kawaida, karatasi nzima si sawa na maswali matatu, sasa wanajua pa kufumua. Vifungo akaitikia kwa adabu. Kesho yake alituma salamu kwamba tumbo linamsumbua, Mwalimu asisumbuke kuja, yeye atajisomea mwenyewe kwa wiki hivi. Mwalimu aliamini, kwa sababu hata mimi na wewe tungeamini tumbo la mtu aliyepata kumi na tisa.

Wiki hiyo ulitokea muujiza. Mapazia yaliyokuwa kwa Vifungo mwaka mzima yalifika kwa mwenyewe, yamepigwa pasi. Sare za watoto wa muuza mkaa ziliisha, ingawa watoto walikuwa wameshakua na ikabidi wapewe wadogo zao. Fundi baiskeli alipata suruali ambayo hata yeye alikuwa ameisahau. Watu walipita kibandani kudai, kwa mazoea tu, wakarudi na nguo mkononi wakiangaliana. Mkewe alipewa gauni lake la miaka minne. Alilishika, akalinusa, akamkazia macho mumewe na kumuuliza, baba watoto, huyo mwanamke ni nani?

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na bobini mbili alizoazima kwa fundi mapazia wa mtaa wa pili, na kulikuwa na kitabu cha hesabu kilichowekwa chini ya mto wa kukalia. Vifungo alikuwa anakimbia, na kwa kuwa fundi akikimbia hukimbilia cherehani, mtaa mzima ukavaa. Wateja walipojua kwamba kisa ni mtihani, hakuna aliyemuuliza anasoma saa ngapi. Wengine walisema kwa sauti ya chini kwamba itakuwa vizuri akifeli, mwakani arudie.

Siku ya saba Mwalimu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akakuta rafu zote tupu, sakafu imefagiliwa, na ukutani, peke yake, linaning'inia gauni la rangi ya zambarau lenye vifungo sita vya mbele, kutoka shingoni hadi kiunoni. Gauni lake. Vifungo alikuwa amesimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi.

Akalijaribu nyuma ya pazia. Akatoka, akajitazama kwenye kioo, akageuka upande huu, akageuka upande ule. Mabega yalikaa. Kiuno kilikaa. Mwalimu alifurahi, usiniambie hakufurahi, alijipapasa mikono yote miwili kama msichana. Kisha kwenye kioo hichohicho akaziona rafu tupu nyuma yake, furaha ikamtoka usoni polepole. Akaenda akaketi kwenye benchi akiwa nalo mwilini.

"Umeshona nguo za mtaa mzima kwa siku saba," akasema.

Vifungo akakubali, kifua mbele.

"Na maswali mangapi?"

Vifungo akaanza kuzungusha tepu kidoleni. Akasema yamebaki machache. Akasema yaani bado tu kupiga. Hapo akakatiza mwenyewe, kwa sababu Mwalimu alikuwa anamtazama bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko kugongewa kalamu.

"Hili gauni umelimaliza ili niondoke."

Vifungo hakujua hivyo hadi aliposikia. Alipokuwa akilikata, akilishona, akilitoboa matundu ya vifungo moja baada ya jingine, alijiambia anamtendea mama wa watu haki yake. Sasa aliona kwamba Mwalimu alikuwa anasema kweli tupu. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, na ndipo maneno yakatoka, hayakuwa hata yamepangwa. Akamweleza kwamba alipokuwa na miaka kumi na minane aliingia kwenye chumba cha mtihani wa hesabu, akafungua karatasi, akaitazama nusu saa, akaikunja na kutoka mbele ya darasa zima. Nyumbani alisema amemaliza mapema. Baba yake alifurahi sana, akapita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani kwamba mwanawe amewashinda wote kwa upesi. Halafu matokeo yakatoka, na baba hakusema neno. Wakawa wanakula kimya kwa mwezi mzima.

"Kitambaa nisichokikata, Mwalimu, bado sijakiharibu," akasema. "Naogopa mkasi. Kila siku naogopa mkasi."

Nilishasema Mwalimu alikuwa mtu wa hesabu; kubembeleza watu hakukuwemo. Alimwachia muda wa kujifuta macho kwa kipande cha bitana.

"Na mimi nikaagwa na doa la wino," akasema.

Kisha akanyanyuka, akachukua wembe wa kufumulia mezani, akauelekeza shingoni mwake mwenyewe, Vifungo akaruka kutoka kitini akidhani mama wa watu amechanganyikiwa. Mwalimu akakata nyuzi za kifungo cha juu kabisa, taratibu, bila kugusa kitambaa. Akakitia kifungo kwenye mkoba pamoja na bobini zile mbili za kuazima, akaufunga.

"Bado kifungo," akasema. "Kwa hiyo nguo haijaisha. Nitaifuata kesho."

Na kesho akaja, na keshokutwa, na siku zote saba zilizobaki. Alikuja na gauni lilelile, shingoni amelibana kwa pini. Walirudia karatasi nzima kila siku, saa mezani. Ikatoka arobaini na moja. Ikatoka thelathini na nane, Vifungo akataka tumbo limuume, Mwalimu akanyoosha mkono kuuonyesha mkoba wenye kifungo. Ikatoka arobaini na saba. Alimfundisha kuanza na maswali anayoyajua, hata yakiwa mwisho wa karatasi, na swali likimgomea aliruke, maana hakuna mteja anayekaa kumwangalia fundi akihangaika na zipu moja siku nzima. Jioni ya mwisho hawakufanya kitu. Mwalimu alimwambia akale, akalale, na kwamba kesho atakaa kwenye benchi lililoko nje ya chumba cha mtihani, mbele ya mlango, kwa sababu ana nguo yake kwa fundi.

Asubuhi msimamizi alimkagua mlangoni. Akamtoa mfukoni chaki mbili, risiti ya uzi, peremende. Halafu akaiona tepu shingoni, akaishika, akaisoma tangu moja hadi mia na hamsini, na akasema hii ina namba, haingii. Vifungo akajaribu kumweleza kwamba ni ya kazi. Msimamizi akajibu kwamba wote husema hivyo. Alivyoivua alihisi amevuliwa shati. Ndani, kijana wa dawati la jirani akamuuliza, shikamoo, wewe ndiye utakayetugawia karatasi?

Karatasi zikagawiwa. Akafungua. Swali la kwanza hakulielewa. La pili hakulielewa. Mkono ulipanda shingoni kutafuta tepu, haukuikuta. Akajua kabisa hii ndiyo ile nusu saa, ilikuwa inamsubiri humu miaka yote. Akatazama mlango.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nje, kwenye benchi, alikaa Mwalimu na gauni la zambarau, mkoba mapajani, pini shingoni, anamtolea macho. Hakuwa na gazeti. Hakumpungia mkono wala kumtia moyo. Alimtazama vilevile wateja walivyomtazama miaka ishirini, wakisubiri chao.

Mtu akitazamwa hivyo afanye nini? Vifungo akainamia karatasi, kwa mazoea tu, akaanza kutafuta analolijua. Akalipata kwenye namba sita. Duara lina mzingo wa sentimita themanini na nane, tafuta nusu kipenyo. Kumbe kiuno cha sketi ya mwamvuli hicho! Akagawa kwa sita na ile kidogo ambayo sasa aliijua jina, akaandika jibu, akaendelea na saba. Katikati ya saba akashtuka. Kwenye sita alikuwa ameandika kumi na tatu, kwa sababu tundu la kiuno hukatwa dogo ili mshono upate nafasi. Akarudi, akafuta, akaandika kumi na nne. Nusu saa ikapita hakuiona. Kengele ilipolia alikuwa bado anaandika, ikabidi msimamizi amnyang'anye karatasi kwa nguvu.

Matokeo yalitoka miezi mitatu baadaye, na nitayasema hapahapa usije ukapandwa na presha. Alipita kwa alama mbili juu ya mstari. Mtaa wetu ukarudi kuvaa nguo za zamani, na Vifungo, huko chuoni, mpaka leo anaitwa Mwalimu. Lakini siku ile pale mlangoni hakuna aliyelijua hilo, na Vifungo alitoka na magoti yake yanayouma, tepu mkononi, akasimama mbele ya benchi.

Mwalimu akamuuliza kazi imefika wapi.

Mdomo ulifunguka wenyewe, na ninyi mnajua ulitaka kusema nini. Akaufunga.

"Maswali yalikuwa kumi na manne," akasema. "Tisa nimeyafanya. Mawili nimebahatisha. Matatu sijayagusa."

Mwalimu akahesabu kwa vidole, tisa, mawili, matatu, akakuta yametimia. Miaka ishirini ya kupokea vitambaa vya watu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mteja kuambiwa kazi ilipofika kwa kweli. Akafungua mkoba, akatoa kifungo, akakiweka kwenye kiganja cha Vifungo. Vifungo akapeleka mkono chini ya kola ya shati lake, ambako msimamizi hakutazama, akachomoa sindano yenye uzi wa zambarau. Mwalimu akatoa pini, akainua kidevu. Vifungo akakishona palepale wamesimama, watoto wa mtihani wakiwapita pembeni, mizunguko minne na fundo, akaukata uzi kwa meno.

"Imeisha," akasema.

Mwalimu akalipapasa gauni kuanzia shingoni. Akafika kwenye kifungo cha pili, vidole vikatulia hapo.

"Karatasi ya pili ni keshokutwa," akasema, akaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta wembe.